Mayai Manne, Saa Moja: Kozi wa Derby Wanavyolea

Kila anayeandika juu ya kozi huanza na kasi. Ndege huyu akijitupa kutoka juu kumfuata njiwa huzidi kilomita 300 kwa saa, na hakuna mnyama mwingine anayemfikia. Ni kweli, na leo nitaishia hapo kuhusu kasi. Kuua njiwa ni shughuli ya sekunde chache, lakini kulea makinda wanne mpaka waruke ni kazi ya karibu miezi mitatu. Ufundi wake haumvutii mtazamaji mwenye haraka, kwa sababu sehemu kubwa ni ndege aliyetulia tuli juu ya changarawe.

Mahali pazuri pa kuutazama ufundi huo ni Derby, katikati ya Uingereza. Kanisa kuu la mji huo lina mnara wa mawe wa karne ya 16, wenye urefu wa mita 65 hivi. Mwaka 2006 kanisa, jumba la makumbusho la mji na shirika la Derbyshire Wildlife Trust walifunga trei upande wa mashariki wa mnara, wakaijaza changarawe, na jozi ya kozi iliyokuwa ikizoea kutua pale ikataga humo msimu uleule. Baadaye zikafungwa kamera, na mtu aliye popote penye intaneti akaweza kuona yanayotendeka.

Tuanze na trei, maana kozi hajengi. Haleti kijiti wala jani. Jike hulala kifudifudi, husukuma changarawe kwa kifua na kurusha kokoto nyuma kwa miguu, akigeuka kidogo kila mara, mpaka kinapatikana kishimo cha upana wa sentimita 20 hivi, kina chake vidole viwili vitatu. Basi, kiota kimekwisha. Kishimo hicho huyakusanya mayai yaguse ngozi ya mzazi yote kwa pamoja, na changarawe hupitisha maji ya mvua chini badala ya kuyatuamisha. Pasipo na changarawe uzazi huharibika hata kama kila kitu kingine kipo. Huko Montreal, Kanada, jozi iliyohamia jengo la Sun Life mwaka 1936 ilipoteza mayai katika misimu ya mwanzo kwa kutaga kwenye ukingo mtupu. Mwaka 1940 wakawekewa sanduku lenye changarawe, na kufikia 1952 makinda zaidi ya 20 walikuwa wameruka kutoka hapo. Jengo lilikuwa lilelile na njiwa walikuwa walewale. Kilichoongezeka ni kisanduku tu.

Sasa tuje kwenye saa, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Jike hutaga yai moja kila baada ya siku mbili hivi, kwa kawaida matatu au manne. Pale Derby la kwanza huonekana mwishoni mwa Machi, wakati usiku bado una baridi ya kuganda. Mgeni wa kamera humwona jike amesimama pembeni, yai liko peke yake, naye hudhani limetelekezwa. Halijatelekezwa. Yai ambalo halijapata joto la kuatamia halianzi kukua. Kiinitete kimelala ndani yake na kinaweza kungoja siku kadhaa bila madhara. Anachofanya mama ni kulikinga lisigande, kwa kulifunika juujuu baridi inapokaza. Kuatamia kwa dhati huanza karibu na yai la tatu. Ni sawa na mkulima anayepanda mahindi kwenye vumbi: mbegu ya Jumatatu na ya Ijumaa huota siku moja, kwa kuwa zote zilikuwa zikingoja mvua.

Piga hesabu. Kama angeatamia tangu yai la kwanza, kinda wa kwanza angemtangulia wa nne kwa siku sita hivi, na kinda wa siku sita ana uzito mara kadhaa ya aliyetoka leo. Kwa kungoja, watatu hutoka wakikaribiana sana na wa nne huchelewa siku moja au mbili. Mpango huu una ufa mmoja: huyo wa nne. Chakula kikipungua, yeye ndiye wa kwanza kukosa.

Tai mweusi, yule mla pimbi wa majabali ya Afrika Mashariki na Kusini, hufanya kinyume chake. Hutaga mayai mawili, huatamia tangu la kwanza, na kinda wa kwanza hutoka siku tatu hivi kabla ya mwenzake. Kule Matobo, Zimbabwe, mtafiti Valerie Gargett alikaa akihesabu: kinda mkubwa alimdonoa mdogo wake mara 1,569 kwa muda wa siku tatu, na chakula kilikuwepo kiotani. Mdogo akafa. Sisemi tai amekosea, kwani yai la pili kwake ni akiba tu endapo la kwanza litaharibika. Ila ukiona makinda wanne wa kozi wamelaliana kama rundo moja la pamba, ujue amani hiyo ilipangwa mwezi mmoja kabla, mama yao alipokuwa amesimama pembeni ya yai baridi.

Kuatamia huchukua siku 30 na ushee. Jike hukaa usiku wote na sehemu kubwa ya mchana. Dume humpokea zamu akishaleta chakula. Zamu hiyo inafaa kutazamwa kwa karibu. Dume hutua ukingoni, hukunja vidole kama ngumi ili kucha zisitoboe mayai, kisha hujongea kishimoni kwa hatua za kuchechemea. Hutanua manyoya ya kifua na kushuka taratibu, akitikisa mwili kushoto na kulia mpaka ngozi iguse mayai. Shida ni umbo. Dume ni mdogo kuliko jike kwa karibu theluthi moja, tofauti ambayo wafuga kozi wa Oman na nchi za Ghuba wanaijua vizuri, maana kwa mawindo makubwa hupendelea jike. Mayai manne humzidi dume. Moja huchungulia ubavuni. Yeye huinuka, hulivuta ndani kwa mdomo, hukaa tena, na lingine hutokeza upande wa pili.

Wakati huo kaka la yai linafanya kazi yake. Lina matundu madogo yasiyoonekana, na mvuke unaopita humo hulipunguzia yai karibu asilimia 15 ya uzito wake kabla kinda hajaanza kutoboa. Nafasi inayoachwa na maji hayo hujaa hewa, na ndiyo hewa ya kwanza kinda kuivuta. Kaka likiwa jembamba kupita kiasi, maji hutoka mno. Likiwa jembamba zaidi, hupasuka chini ya uzito wa mama. Hivyo ndivyo DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilivyokaribia kuwamaliza kozi wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alichapisha vipimo vya makaka yaliyohifadhiwa na wakusanyaji wa mayai, akaonyesha kwamba yalianza kuwa membamba ghafla mnamo 1947, dawa hiyo ilipokuwa imeanza kuenea mashambani. Mabaki yake yalipita kwenye wadudu, yakaingia kwa ndege wadogo na kujikusanya kwa kozi, yakazuia madini ya kalsiamu yasiwekwe kwenye kaka. Ndege hakuonekana mgonjwa na alitaga kama kawaida. Marekani ilipiga marufuku dawa hiyo mwaka 1972.

Makinda wakitoka, kazi hugawanywa kwa ukali zaidi. Kwa siku kumi za mwanzo hivi hawawezi kujitunzia joto. Wana manyoya ya malaika tu. Kwa hiyo jike habanduki, na dume hulisha kaya nzima peke yake. Huleta ndege aliyekwisha kunyonyolewa, na chakula kikizidi, ziada hufichwa kwenye pembe za mnara hadi siku ya mvua. Taa za mji zimemwongezea saa za kazi: kamera za Derby zimewanasa kozi hawa wakileta mawindo usiku, na kwenye mabaki yao wamo ndege wahamao gizani ambao mchana hawapiti juu ya mji.

Kulisha nako kuna utaratibu. Jike hunyofoa vipande vidogo vya nyama na kumpa aliye mbele anayelia zaidi. Utadhani ni upendeleo kwa mwenye nguvu, lakini aliyejaa hunyamaza na kurudi nyuma, mdomo mwingine ukachukua nafasi. Baada ya wiki mbili hivi jike naye huanza kuwinda, tena mawindo makubwa kuliko ya mumewe, wakati ambapo tumbo la watoto limepita uwezo wa dume.

Kuruka huja kati ya siku ya 35 na ya 45. Madume hutangulia kwa siku chache, kwa kuwa mwili mdogo hukamilika mapema. Kisha huja wiki kadhaa za mafunzo: mzazi hupita juu na njiwa kuchani, humwachia angani, na kijana humdaka au humkosa.

Kozi wapo kwetu pia, wakazi wa majabali ya Kenya na Tanzania, pamoja na wageni wanaoshuka kutoka Siberia msimu wa baridi ya kaskazini. Mwenye jengo refu Nairobi au Dodoma akitaka kuiga trei ya Derby, asiige kila kitu. Kule, upande wa mashariki hutoa jua la asubuhi na kukwepa upepo wenye mvua wa kusini magharibi. Huku adui wa kinda mwenye malaika ni jua kali, na mama hulazimika kusimama ametanua mabawa kumtilia kivuli. Trei ya huku iwe na paa la kukinga jua la saa sita mpaka saa tisa, matundu ya kutolea maji chini, na changarawe za mviringo zisizochongoka, za kina cha kutosha jike kuchimba bila kugusa mbao.