Bastola ya Mk 23: Hesabu Iliyoanzia kwenye Risasi

Msomaji wa riwaya za kijasusi za Kiswahili anakifahamu vizuri kiwambo cha sauti. Jasusi anakitoa mfukoni, anakipachika kwenye mtutu, anafyatua, na mlinzi wa mlango wa pili anaendelea kuvuta sigara yake. Mwandishi hapo ametumia sentensi moja. Kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilipotaka kitu hichohicho kiwe kweli, ilitoa mikataba ya majaribio mwaka 1991 kwa kampuni mbili, Heckler & Koch ya Ujerumani na Colt ya nyumbani, na bastola za kwanza, zilizoitwa Mk 23, zilikabidhiwa Mei 1996. Miaka mitano ilikwenda wapi?

Ilikwenda kwenye kuchagua, na hasa kwenye mpangilio wa kuchagua. Mnunuzi wa kawaida huanza na bastola aipendayo, akatafuta mtutu wenye hesi, kisha akauliza ni kiwambo gani kitakaa hapo. Waliounda Mk 23 walianza upande wa pili, kwenye risasi.

Sababu iko katika kelele yenyewe. Mlio wa bastola una vyanzo vitatu. Cha kwanza ni gesi ya baruti inayotoka mtutuni kwa kishindo. Cha pili ni risasi yenyewe, ikiwa inakwenda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya takriban mita 340 kwa sekunde: inapasua hewa na kuacha mlio njia nzima. Cha tatu ni chuma kugonga chuma bastola inapojipakia.

Kiwambo kinatibu cha kwanza tu. Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepata hataza ya kiwambo chake mwaka 1909, alikuwa mwana wa Hiram Maxim aliyeunda bombom, ile silaha ambayo babu zetu waliijua kwa uchungu wakati wa ukoloni. Baba alileta kishindo, mwana akatafuta kukituliza. Wazo la mwana ni lile la sailensa ya pikipiki: usiiachie gesi itoke kwa mkupuo, ipitishe vyumbani, izunguke, ipoe, itoke taratibu. Mlio wa takriban desibeli 160 unaweza kushuka hadi karibu 130. Hizo bado ni kelele. Neno "kimya" ni la riwaya.

Kwa kuwa kiwambo hakigusi mlio wa risasi inayopasua hewa, uamuzi wa kwanza ulikuwa kutafuta risasi isiyovuka kasi ya sauti. Bastola ya kawaida ya jeshi la Marekani wakati huo, Beretta M9, ilitumia risasi ya milimita 9, ambayo kwa kawaida huivuka. Inaweza kupunguzwa mwendo kwa kuifanya nzito zaidi, na ndivyo wanamaji wa vikosi maalumu walivyofanya kwa miaka. Lakini risasi ya zamani ya .45, yenye uzito wa gramu 15 hivi, huenda karibu mita 260 kwa sekunde bila kuombwa. Ilikuwa nzito na ya polepole tangu kuzaliwa. Ikachaguliwa, na uamuzi huo ukaamua karibu kila kitu kilichofuata: risasi nene hutaka magazini nene, magazini nene hutaka mpini mnene.

Uamuzi wa pili ulihusu mwendo wa mtutu. Katika bastola nyingi za kisasa, mtutu haukukazwa mahali pamoja. Risasi inapolipuka, mtutu na chuma cha juu hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache, kisha nyuma ya mtutu huinama na kuachana na chuma hicho, ganda tupu linatupwa na risasi mpya inaingia. Sasa funga mkebe wa chuma kwenye ncha ya mtutu huo. Nguvu ya kuurudisha ni ileile, mzigo umeongezeka. Mtutu unasita, na bastola inakwama baada ya risasi moja.

Njia za kukwepa hilo zipo. Beretta, kwa mfano, ina mtutu unaorudi moja kwa moja bila kuinama, hivyo huvumilia kiwambo vizuri zaidi. Mk 23 ni ya mtutu unaoinama, kwa hiyo dawa iliwekwa ndani ya kiwambo chenyewe, kilichotengenezwa na Knight's Armament: pistoni na springi kati ya mkebe na mtutu. Kwa sehemu ndogo ya sekunde mtutu unarudi nyuma huku mkebe ukibaki palepale. Ni kama kamba ya kuvutia gari bovu iliyoachwa ilegee kidogo: gari la mbele linaondoka kwanza, la nyuma linafuata. Mkebe unapoanza kuvuta, bastola imekwisha kujipakia.

Hesi ndiyo iliyokuja mwisho. Mtutu ulirefushwa utokeze mbele ya chuma cha juu, ukakatwa hesi ya kipenyo cha milimita 16, hatua ya milimita moja, inayofungwa kwa kulia. Nyuma ya hesi kuna oringi ya mpira inayouweka mtutu katikati kila unaporudi mahali pake, kwa sababu kiwambo kilichokaa kombo hata kidogo kinaweza kuguswa na risasi inapopita. 

Anayedhani hesi ni jambo dogo aitazame ndugu wa Mk 23, USP Tactical ya .45 ya Heckler & Koch. Kipenyo ni kilekile, hatua ni ileile, lakini hesi inafungwa kwa kushoto. Kiwambo cha mmoja hakiingii kwa mwenzake. Fundi yeyote aliyewahi kuharibu nati kwa kuilazimisha upande usio wake anajua tofauti hiyo inauma kiasi gani.

Kwa vipimo vya maabara, kazi ilifaulu. Colt iliachwa njiani, na mwaka 1995 Heckler & Koch ikapewa mkataba wa uzalishaji. Bastola ilivumilia maji ya bahari, matope na risasi zenye nguvu kuliko kawaida, na ikabaki na shabaha nzuri.

Lakini ipime kwa mkono. Tupu ina kilo 1.2. Urefu ni sentimita 24.5, na kiwambo kikifungwa unapita sentimita 42. Askari aliyekwisha kubeba bunduki, maji na redio aliombwa aongeze kiunoni kitu cha ukubwa huo, akakiacha kambini. Baadaye kikosi cha wanamaji kilichukua bastola ndogo zaidi ya kampuni hiyohiyo, iliyopewa jina Mk 24, ya risasi ileile ya .45.

Tazama kilichobaki na kilichoondoka. Risasi nzito ya polepole ilibaki. Mtutu wenye hesi ulibaki. Kilichoondoka ni ukubwa. Mpangilio wa risasi kwanza, mtutu wa pili, hesi ya mwisho ulikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba mkono wa mbebaji haukuwekwa popote kwenye orodha. Ulijiweka wenyewe, baada ya miaka mitano ya kazi, na kura yake ikawa ya mwisho.