Umri au Rika? Uhakiki wa Istilahi Mbili za Miamba

Tumekisoma kwa makini kijitabu kimoja cha jiolojia kilichofasiriwa kwa ajili ya walimu na wasomaji wa kawaida. Lugha yake ni safi, wala mfasiri hakukimbilia kutohoa pale ambapo Kiswahili kina neno lake. Hata hivyo, sentensi moja yahitaji kusahihishwa: "Wataalamu hupima umri wa miamba kwa visukuku vidogo."

Tuanze na "visukuku vidogo". Kisukuku, ingawa kina kiambishi ki-, chaweza kuwa mfupa wa dinosaria wa Tendaguru, mkoani Lindi. Kando ya mfupa huo, hata kombe la konokono ni dogo. Makusudio hapa ni mabaki ya viumbe kama foraminifera, wenye seli moja tu, ambao magamba yao kwa kawaida hayafiki milimita moja. Kinachoitenga dhana hii, basi, ni chombo cha kuvitazamia. Twapendekeza "visukuku vya hadubini".

Kosa la pili ni zito zaidi, kwani visukuku hivi havipimi umri. Spishi hutokea, ikaenea baharini, kisha ikatoweka isirudi tena. Matabaka yenye spishi hiyo, hata yakiwa katika nchi mbalimbali, huhesabiwa kuwa ya kipindi kimoja. Katika udongo wa mfinyanzi wa Kilwa na Lindi, ambao watafiti walianza kuuchimba mwaka 2002, foraminifera wa jenasi ya Hantkenina huonekana hadi tabaka fulani, kisha hawaonekani tena juu yake. Kutoweka huko ndiko kulikotumiwa mwaka 1992 kuweka mpaka wa Eosini na Oligosini huko Massignano, Italia. Hivyo matabaka yetu yakaweza kulinganishwa na ya huko. Lakini hesabu ya miaka milioni 34 hivi haikusomwa katika magamba. Ilipatikana kwa njia nyingine, ikiwamo ya kupima elementi nururifu katika madini ya volkano.

Kwa dhana hii Kiswahili kina neno: rika. Waliotiwa jandoni pamoja hujulikana kuwa rika moja, ijapokuwa hakuna aliyehesabu miaka yao. Akipatikana mmoja mwenye cheti cha kuzaliwa, umri wa wenzake nao hukadirika. Spishi ndiyo jando, na madini ya volkano ndiyo cheti. Twapendekeza "rika la mwamba" panapohusika ulinganishi, na "umri wa mwamba" pale tu miaka inapotajwa. Sentensi ile isomeke: "Wataalamu hubainisha rika la miamba kwa visukuku vya hadubini."

Huenda tukaambiwa kwamba rika ni la watu. Tabaka nalo ni la watu, na bado twalitumia kwa miamba bila kumkanganya yeyote.

Jambo hili lina uzito wake. Katika uchimbaji wa mafuta na gesi, visukuku hivi hutumika kutambua tabaka ambalo keekee imelifikia. Ofisa anayesoma "umri" katika ripoti ya kisima atadai miaka isiyokuwamo, na mwanafunzi atadhani gamba limeandikwa tarehe. Tunawaomba wasomaji wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na kutuletea maoni kabla hayajasanifiwa.