Fanusi na Maleba ya Freetown: Nani Mwenye Kazi ya Umma?

Kazi ya sanaa ya umma haihakikiwi kwa kutazama umbo lake peke yake. Mhakiki hana budi kuanza pale inapotengenezwa, aulize ni nani waliotoa nguvukazi, nani aliyegharamia vifaa, nani aliyeamua umbo, na sherehe ikiisha ni nani anayebaki na faida. Kwa msingi huo tunayatazama maonyesho ya maleba ya ngoma za vinyago yaliyofunguliwa Aprili 2025 katika Makumbusho ya Sanaa ya New Orleans, Marekani, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Ustaarabu wa Watu Weusi ya Dakar. Mafundi wanne, kutoka Nigeria, Sierra Leone, Burkina Faso na Kameruni, waliagizwa maleba yao na kutajwa kwa majina. Hapa tunamchukua mmoja, Sheku Fofanah wa Freetown, aitwaye Goldenfinger, kwa sababu mji wake unatupa kipimo ambacho ukumbi hauwezi kujipa wenyewe.

Historia ya mji

Freetown uliasisiwa mwaka 1792 na watu weusi waliotoka Nova Scotia, wengi wao waliopata kuwa watumwa Marekani. Mwaka 1800 wakaja Wamaroon wa Jamaika. Baada ya sheria ya Uingereza ya 1807 kupiga marufuku biashara ya utumwa, manowari zake ziliteremsha hapo maelfu ya watu waliotekwa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wakiwamo Wayoruba wengi. Watu hao walikuwa wamenyang'anywa ukoo na ardhi. Vyama vya wawindaji na vya Egungun walivyovianzisha upya ndivyo vilivyokuwa ukoo wao mpya, vya kuzikana na kusaidiana. Katika karne ya 20 vijana wa mjini walichukua mfano huo wakaunda vyama vya Odelay, kama vile Firestone na Paddle.

Maleba ya vyama hivyo yana mikondo miwili. Mmoja ni wa urembo: mahameli, puleki, shanga na tarizi. Mwingine ni wa kutisha: magunia, pembe za wanyama, kauri na zana za uwindaji. Yote miwili huhitaji mikono mingi. Yuko anayechonga kichwa, anayeshona, anayechanga fedha, anayepiga ngoma, na anayevaa. Kumwita huyu wa mwisho peke yake mchezaji, na wengine watazamaji, ni kutoelewa jambo lenyewe.

Fanusi zilikuja kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1930 mfanyabiashara kutoka Gambia, Daddy Maggay, alianzisha desturi ya kupita mitaani na taa za karatasi katika Usiku wa Cheo wa mwezi wa Ramadhani. Katika miaka ya 1950 chama cha vijana wa Kiislamu kilizisimamia kwa mashindano, na taa za mkononi zikakua hadi kuwa majengo ya kukokotwa. Mifupa ya fanusi ni vijiti na nyaya, ngozi yake ni karatasi. Mtaa huunda msikiti, meli, ndege au mnyama, na kuificha kazi hiyo hadi usiku wa maandamano. Baadaye maandamano ya fanusi yakafanywa pia mkesha wa sikukuu ya uhuru, tarehe 26 Aprili, kwa kuwa Sierra Leone ilijitawala tarehe 27 Aprili 1961.

Sifa na upungufu

Kwa muda mrefu makumbusho ya Ulaya na Marekani yaliandika chini ya kinyago jina la kabila, na pengine jina la tajiri aliyekitoa. Jina la fundi halikuandikwa. Jambo hilo halikuwa usahaulifu. Kitu kisicho na mwenyewe huchukuliwa bila malipo, na Mwafrika asiye na jina huhesabiwa kuwa hana fikra zake binafsi. Kwa hiyo maonyesho ya New Orleans yalipomwagiza Fofanah kazi na kumtaja kwa jina yalitimiza haki iliyochelewa. Wanaodai kuwa sanaa ya umma haina mwenyewe, na kwa hiyo fundi asidai jina wala ujira, wanaupinga unyonyaji kwa mdomo huku wakiutetea kwa vitendo.

Lakini jina la fundi ni nusu ya haki. Soko la sanaa la kibepari hupenda jina moja, kwa kuwa jina moja lina bei. Likiachiwa nafasi, litamtenga fundi na mtaa uliomlea, na kazi ya watu mia moja itakuwa kipaji cha mtu mmoja. Hapo ndipo fanusi inapotusaidia kufikiri. Fanusi si maleba, na haikuwa mada ya maonyesho hayo. Tunaitaja kwa sababu haiuziki. Ni ya karatasi, mvua ikinyesha imekwisha, na usiku wake ukipita hakuna anayeihitaji. Hata hivyo mtaa huijenga tena kwa bidii ile ile. Basi kilichozalishwa kwa kweli hakikuwa taa. Kilizalishwa chama: watu waliojifunza kukusanya michango, kugawana kazi, kutunza siri na kutembea pamoja. Chama hicho ndicho kilichoyazaa maleba pia. Maleba yalidumu kwa sababu ni ya kitambaa, yakapata njia ya kuingia ukumbini. Fanusi ikabaki nje. Ukumbi unaopima thamani kwa kudumu kwa kitu utakosea siku zote kuhusu sanaa ya maandamano.

Tusiitukuze mitaa kupita kiasi. Mashindano ya vyama yalizaa ugomvi pia, na wanasiasa wa Sierra Leone walivitafuta vyama vya Odelay kwa fedha walipohitaji wafuasi. Anayelipia karatasi huja kudai kuchagua umbo. Hatari hiyo haitoki ng'ambo pekee.

Vipimo vyetu

Kwa maonyesho ya namna hii tunapendekeza maswali manne. Je, fundi ametajwa na kulipwa? Je, chama chake kimetajwa, na kimepata sehemu yake? Je, mtazamaji ameonyeshwa jinsi kazi ilivyogawanywa? Na je, watoto wa mtaa uliozaa kazi hiyo wanaweza kuiona bila kupanda ndege? Maonyesho ya New Orleans yamelijibu swali la kwanza vizuri, nasi tunayapongeza. Swali la nne linahusu serikali na wananchi wa Afrika kuliko wageni, maana kumbi, karakana na mafunzo ya kazi hizi ni wajibu wetu. Tukiuacha wajibu huo, wajukuu wa mafundi watayasoma majina ya babu zao ukutani mwa mji wa mbali, bila kujua jinsi ya kukunja waya wa fanusi.