Istilahi za Masharti ya Afya kwa Waombaji wa Ukaazi

Istilahi za tiba zimepata bahati katika lugha yetu. Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, waganga na wanalugha wamekwisha kukaa pamoja mara nyingi, na matunda yake yanaonekana: neno UKIMWI, ambalo ni ufupisho tu wa Upungufu wa Kinga Mwilini, limeenea mpaka vijijini kana kwamba lilizaliwa huko. Istilahi za sheria nazo zina wenyewe. Lakini liko eneo moja ambapo tiba na sheria hukutana, nalo limeachwa kama shamba lisilo na mlinzi. Eneo hilo ni masharti ya afya ambayo nchi huwawekea wageni wanaotaka kukaa humo kwa kudumu. Maneno yanayotumika hapo yametungwa na wafasiri wa haraka, na makarani, na waombaji wenyewe, na katika makala haya twanuia kuonyesha kwamba baadhi yake yanadhuru.

Anayedhani kwamba hili ni jambo la watu wachache wa Dar es Salaam na aende Nkende, Tarime. Mpaka wa Sirari si mbali, na mpaka huo, uliochorwa na Wajerumani na Waingereza, ulipita katikati ya Wakurya: Wakira, Wanyabasi na Wairege wapo Tarime na wapo Kenya. Mwanamke wa Kehancha akiolewa Nkende, kwa mila amefika kwake. Kwa sheria ni mgeni anayehitaji hati. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imempa haki ya kuingia na kukaa, ila imeiruhusu nchi kumzuia kwa sababu za sera, usalama au afya ya umma, na suala la ukaazi wa kudumu imeliacha mikononi mwa sheria za kila nchi. Wako pia, huko huko, watu waliokwisha kuchimba dhahabu Nyamongo, ambao ndugu zao walioko Kanada au Marekani wamewaombea makao. Kwa hiyo mazungumzo ya hati, picha za kifua na majibu ya daktari ni mazungumzo ya kawaida, nasi tumeyasikiliza kwa makini.

Tuanze na lililo jepesi. Magazeti yetu huchanganya *mhamaji* na *mhamiaji*, kana kwamba ni neno moja lililoandikwa vibaya. Mhamaji ni mtu wa kuhamahama, kama mfugaji afuataye malisho. Mhamiaji ni mtu aliyehamia mahali fulani. Kiambishi cha kutendea ndicho kinachobeba maana yote ya sheria, maana sheria ya ukaazi haiulizi mtu ametoka wapi tu, bali anahamia wapi. Kuhusu *ukaazi* na *ukazi* hatuoni haja ya ugomvi: hati za Serikali zimekwisha kuzoea *kibali cha ukaazi*, na Zanzibar wana *Mzanzibari mkaazi*. Tuliache hapo.

Jambo zito ni namna watu wanavyosema matokeo ya uchunguzi. Katika usemi wa kawaida mtu aliyechunguzwa *amefaulu* au *amefeli*. Yuko *safi* au ni *mchafu*. Picha ya kifua chake ina *doa*. Maneno haya hayakuletwa na mgeni yeyote, ni yetu wenyewe, na ndiyo maana tunayaogopa zaidi. Doa, kwa Mswahili, ni alama kwenye nguo, na pia ni aibu kwenye jina la mtu. Mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka mingi, au aliyepona kifua kikuu zamani, aweza kuwa na kovu kwenye mapafu. Kovu ni habari ya jambo lililopita. Daktari akiliona kwenye picha hatoi hukumu. Hutaka makohozi yapimwe, na vimelea vioteshwe maabara, kazi ambayo yaweza kuchukua wiki 6 hadi 8. Wakati huo wote mwombaji hajakataliwa wala hajakubaliwa, anangoja. Lakini lugha aliyopewa haina neno la kungoja. Ina kufaulu na kufeli.

Madhara yake tumeyasikia huko huko Tarime. Mtu mmoja aliambiwa na mfasiri kwamba "amekataliwa kwa sababu ya kifua", naye akarudi nyumbani, asiende tena kuchukua majibu ya makohozi, maana aliyekataliwa arudi kufanya nini? Kumbe alikuwa ametakiwa kurudi. Kama makohozi yale yalikuwa na vimelea, basi alikosa mambo mawili kwa mkupuo, safari na dawa, na waliolala naye nyumba moja walikuwa hatarini pamoja naye. Hapa istilahi imekwisha kuacha kuwa mapambo ya kamusi.

Upungufu huu unakuzwa na tafsiri za neno kwa neno. Kanuni za afya za Marekani hugawa matokeo kwa herufi. Herufi A hupewa hali inayomzuia mtu kuingia, kama vile kifua kikuu kinachoambukiza na ambacho hakijatibiwa. Herufi B hupewa hali inayohitaji kuangaliwa ila haizuii. Wafasiri wameandika *Daraja A* na *Daraja B*. Msomaji aliyepita katika shule zetu anajua Daraja A ni nini: ni ushindi mkubwa kabisa, wa kuchinjiwa kuku. Na msomaji aliyepita katika ofisi za Uhamiaji anajua kwamba kibali chetu cha ukaazi cha Daraja A ni cha wawekezaji na watu wa biashara. Mwombaji anaandikiwa karatasi inayosema kwamba hawezi kusafiri, naye anaisoma kwa furaha! Sisi twashauri herufi ziachwe kama zilivyo, maana ndizo zilizomo katika faili, lakini mbele yake liwekwe neno linalosema kazi yake: *Kundi A, la zuio*, na *Kundi B, la uangalizi*. Neno daraja litolewe kabisa katika shughuli hii.

Mfano mwingine wa ugonjwa huo ni *daktari wa jopo*. Jopo ni kundi la wataalamu wanaokaa pamoja kuamua jambo. Daktari anayewachunguza waombaji hakai na mtu: yuko peke yake katika chumba chake, na jina lake limo katika orodha ya madaktari walioteuliwa na ubalozi au serikali ya nchi inayoombwa. Aidha, si yeye anayeamua. Yeye huandika alichokiona, na ofisa wa viza ndiye anayetoa uamuzi. Anayeambiwa kuwa ataonana na daktari wa jopo hutazamia baraza la wazee, naye akimkuta kijana mmoja mwenye koti jeupe hudhani amepunjwa. *Daktari mteule* linatosha. Ni neno fupi, lina ukweli, na halimpi daktari mamlaka asiyokuwa nayo. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, uchunguzi wa wanaohamishiwa nchi nyingine umekuwa ukifanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Kwa Wakongo wengi Kiswahili ndilo daraja kati yao na daktari, na daraja hilo (hili ni daraja la kweli) halifai kuwa na mbao zilizooza.

Sasa tufike kwenye kiini. Nchi inapokataa ombi kwa sababu ya afya, Kiswahili cha karatasi za maelezo husema mwombaji *hakubaliki*, au *hafai*, au *hastahili kuingia*. Maneno yote matatu yanamhukumu mtu. Asiyefaa hafai leo wala kesho. Asiyestahili amepungukiwa na thamani. Lakini sheria zenyewe, hata zile kali, kwa kawaida hazisemi hivyo. Husema kwamba hali fulani, kwa wakati fulani, ni kizuizi. Hali ikibadilika, kizuizi huondoka. Mara nyingine hali haibadiliki hata kidogo na kizuizi kikaondoka vilevile, kwa kuwa sheria ndiyo iliyobadilika: Marekani iliwazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI kuanzia mwaka 1987, ikaacha tarehe 4 Januari 2010. Mtu yuleyule, na damu ileile, alizuiwa Desemba na hakuzuiwa Januari. Kama tulimwita "asiyefaa", je, alianza kufaa usiku wa mwaka mpya? Wala si hoja ya kale: mpaka leo wako wanaowaambia wenzao kwamba "mwathirika hakubaliki Marekani", nao wanawakatisha tamaa kwa sharti lililokwisha kufa.

Kwa hiyo twapendekeza *zuio la afya*. Wanasheria wanalo neno zuio kwa amri ya mahakama inayozuia jambo lisitendeke, na kila mtu anaelewa kwamba zuio la mahakama huwekwa na huondolewa. Litaturuhusu kusema *zuio la muda*, kwa mgonjwa wa kifua kikuu anayengoja kumaliza dawa; litaturuhusu kusema *ombi limewekewa zuio*, badala ya *mwombaji amekataliwa*. Na kwa upande wa pili, ombi lisilo na kasoro *limekidhi masharti ya afya*. Kitenzi kikae kwa ombi. Wako watakaosema kwamba hii ni adabu ya maneno tu, na kwamba anayezuiwa amezuiwa. Hatukubaliani nao, na habari ya yule aliyeacha majibu yake ndiyo jibu letu.

Neno lililotuchukiza kuliko yote limetoka katika tafsiri za sheria ya Kanada. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2001 inataja sababu tatu za zuio la afya: hatari kwa afya ya umma, hatari kwa usalama wa umma, na mahitaji ya huduma za afya au za jamii yanayopita kiwango. Hiyo ya tatu imefasiriwa *mzigo kwa taifa*. Lugha ya asili inazungumzia mahitaji na gharama. Tafsiri yetu imemgeuza mtu kuwa gunia. Mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu akisoma kwamba mwanawe ni mzigo kwa taifa hatauliza tena lolote. Angeuliza, angeambiwa kwamba sababu hiyo haiwahusu wakimbizi, wala mke, mume au mtoto anayeombewa na ndugu aliyeko huko. Na kwamba mwaka 2018 kiwango chenyewe kilipandishwa mara tatu, na elimu maalumu ikaondolewa katika hesabu. *Mahitaji yapitayo kiwango* ni tafsiri ndefu, tunakiri, lakini msomaji akikutana nayo atauliza: kiwango gani? Na hilo ndilo swali analopaswa kuuliza.

Tusidhani kwamba kosa ni la wageni peke yao. Sheria yetu ya Uhamiaji ya mwaka 1995 inayo orodha ya wahamiaji waliopigwa marufuku, na katika orodha hiyo wamo wenye maradhi ya akili, na mtu ambaye daktari amethibitisha kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza unaofanya kuwapo kwake kuwe hatari kwa jamii, na anayekataa kuchunguzwa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria zetu ni Kiswahili. Maana yake ni kwamba kila neno la orodha ile linahitaji neno la Kiswahili lenye nguvu ya sheria. Je, tutaandika *punguani*? *Taahira*? Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutuonyesha njia, kwa kumtaja mtu kwanza na hali yake baadaye, na twaona aibu kubwa itakuwa kuiacha njia hiyo mpakani, ambapo mgeni husikia Kiswahili cha Serikali yetu kwa mara ya kwanza. *Mhamiaji haramu* nalo lisitumike hapa. Haramu ni tendo. Mgonjwa hajatenda kitu.

Pia *ugonjwa wa kuambukiza* hubeba mizigo miwili: ugonjwa unaopita kwa kugusana au kukaa karibu, na ule unaoletwa na vimelea kwa njia yoyote, hata kwa mbu. Malaria ina vimelea, lakini hakuna aliyewahi kuipata kwa kukaa kiti kimoja na mgonjwa. Kwa ofisa wa mpakani tofauti hii ni kubwa. Twaona *ugonjwa wa kuambukizana* utumike kwa ule wa kwanza, na *ugonjwa wa vimelea* kwa ule wa pili. (*Kadi ya manjano* ya pale Sirari haimo katika mjadala huu. Hiyo ni ya msafiri yeyote, si ya ukaazi, na jina lake latokana na rangi ya karatasi.)

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Sheria nyingi humpa ofisa uwezo wa kuliweka kando zuio hata kama hali ya mwombaji haijabadilika, kwa mfano ili mke asitengane na mume. Karatasi tulizoziona huliita tendo hilo *msamaha*, nasi twalipinga, kwa kuwa hakuna kosa lililotendwa. *Ondoleo* lingefaa kwa sarufi, ila makanisa yamekwisha kulishika, na pale linaondoa dhambi. *Ulegezaji wa zuio* ndilo tunalolitumia kwa sasa katika ofisi yetu. Lina udhaifu, maana kilicholegezwa bado kimefungwa, na ombi lililopata ruhusa hii halijafungwa tena. Wanasheria wa Uhamiaji na wafasiri wa mahakama wenye neno lililo bora na watuletee kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.