Gesi Nyepesi Itambaayo Chini

Msomaji wa kemia huambiwa kwamba gesi ya amonia ina uzito wa takriban asilimia 60 tu ya uzito wa hewa, naye hudhani kuwa ikivuja itapaa juu imwache salama. Dhana hiyo ni hadaa. Katika maghala ya barafu amonia hutiwa mabombani kwa shinikizo ikiwa majimaji, ilhali huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, na bomba likipasuka sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, iliyosalia ikarushwa kwa matone madogo mno, na mchanganyiko huo baridi huwa mzito, ukatambaa ardhini kama ukungu mweupe hadi upate joto.

Ndivyo ilivyokuwa huko Theodore, jimbo la Alabama, Marekani, tarehe 23 Agosti 2010. Ghala la Millard Refrigerated Services lilikuwa limekosa umeme kwa zaidi ya saa saba siku iliyotangulia. Baada ya umeme kurudi, fundi alipofuta kengele za hatari katika mtambo wa kuongozea, aliukatiza bila kukusudia mzunguko wa kuyeyusha barafu kwenye mabomba ya kupozea, vali ikafunguka mvuke wa moto wa amonia ungali ndani yake, ukakutana ghafula na amonia baridi, na kishindo chake kikalipasua bomba la inchi 12 juu ya paa. Ratili zaidi ya 32,000 zilitoka, wingu likaelekea kwa mamia ya vibarua waliokuwa wakisafisha mafuta yaliyomwagika ya mtambo wa Deepwater Horizon, robo maili kusini. Watu zaidi ya 150 walidhurika, 32 wakalazwa hospitali.

Kufuta kengele ni kosa, lakini kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni lililofuata: mafundi walishughulika kutafuta vali za kutenga uvujaji huku mitambo ikiendelea kuzunguka, badala ya kubonyeza swichi ya dharura inayozima pampu na kompresa zote. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali za kemikali nayo ilishauri kubonyeza swichi ya namna hiyo kwanza.

Na maji je? Amonia huyeyuka majini upesi ajabu, hata pazia la rasharasha likisimamishwa mbele ya wingu hulipunguza makali. Amma kuyamwaga juu ya dimbwi lenyewe la amonia ya majimaji ni kulichochea, madhali maji ya kawaida yana joto la kutosha kulichemsha. Maji hayo yaliyokwisha kuinywa amonia nayo yazuiwe yasifike mtoni, kwani huua samaki.

Ewe ufanyaye kazi karibu na mabomba haya, tazama kila asubuhi upepo unavuma kutoka wapi, ili bomba likipasuka ujue wingu litaelekea wapi.