Je, Vandana Angezaa Binti? Swali kwa "Aradhana"

Utangulizi

Ndugu msomaji, katika semina zetu za fasihi hapa chuoni, ukitaja tu "picha la Kihindi" darasa zima linacheka. Utaambiwa hiyo ni kasumba: nyimbo, mvua, machozi, mapacha waliopoteana, mwisho harusi. Wapo wanaodai kwamba kazi za namna hiyo hazistahili kuhakikiwa kwa sababu hazina ujumbe mzito. Makala haya hayakubaliani na madai hayo. Hata hivyo, hayakusudii kuzitetea picha hizo kwa upofu. Nakusudia kuichambua moja tu, Aradhana, iliyotoka India mwaka 1969 ikiongozwa na Shakti Samanta, na kuiuliza swali ambalo limenisumbua tangu nikiwa msichana mdogo pale Tunduma.

Kwetu Tunduma

Nianze na mahali nilipoitazamia, maana hadhira nayo ni sehemu ya kazi ya sanaa. Tunduma ni mji wa mpakani katika mkoa wa Songwe. Ukivuka tu, uko Nakonde, Zambia. Ni mji uliokuzwa na malori. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilipoteza uhakika wa njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kubebwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Bomba la TAZAMA lilifuata mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa hiyo miaka ile ile ambayo Bombay ilikuwa ikitoa picha hizi za mapenzi na kutengana, kwetu ilikuwa miaka ya madereva wanaokuja leo na kuondoka kesho.

Malori yapo hadi leo, foleni yake unaijua. Na penye malori pana watoto wa madereva. Mimi ni mmoja wao. Mama alinilea peke yake kwa kuuza chakula barabarani. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili msomaji ajue nilikuwa nimekaa benchi la upande gani.

Benchi lenyewe lilikuwa la kibanda umiza: mabati, televisheni moja, jenereta inayonguruma nje. Mkanda (tuliuita hivyo ingawa ilikuwa diski) ulikuwa umewekewa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili juu ya sauti za wahusika, mtindo ambao Lufufu aliupa umaarufu nchini. Mtafsiri wa aina hii hatafsiri tu, bwana. Anaonya, anacheka, anatukana adui kabla wewe hujamtukana.

Kisa kwa ufupi

Picha inatumia mbinu rejeshi: tunamkuta mwanamke mahakamani, kisha tunarudishwa nyuma kujua alifikaje pale. Vandana, anayeigizwa na Sharmila Tagore, ni binti wa daktari. Anapendana na Arun, rubani wa jeshi la anga, anayeigizwa na Rajesh Khanna. Wanaoana kwa siri hekaluni. Arun anakufa kwa ajali ya ndege, na Vandana ana mimba. Ukoo wa Arun unamkana. Anapojifungua, anamwacha mtoto kwenye kituo cha yatima akikusudia kurudi kumchukua kihalali. Akirudi anakuta amekwisha kuchukuliwa na familia nyingine. Basi anaingia katika nyumba ile na kuwa yaya wa mwanawe mwenyewe. Siku moja ndugu wa mama mlezi anataka kumbaka. Mtoto anamchoma yule mwanamume, anakufa. Vandana anabeba kosa na kwenda jela. Akitoka, miaka imepita, anamkuta mwanawe Suraj ni rubani kama baba yake, tena kwa sura ile ile, kwa sababu anayemwigiza ni Rajesh Khanna huyo huyo. Mwishoni Suraj anaujua ukweli na kumtangaza mama yake mbele ya watu.

Stelingi hafi

Kibandani ipo kanuni moja ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: stelingi hafi. Arun alipokufa mapema vile, watu walipiga kelele. Mmoja alidai arudishiwe hela yake, eti mkanda umekatwa. Walitulia pale Suraj alipotokea na sura ya Arun. "Si nilisema? Huyo hapo!" Benchi zima likapiga makofi.

Nimeyatafakari sana makofi yale. Yanatuambia jambo kuhusu umbo la picha hii ambalo mhakiki wa vitabu tu angeweza kulikosa. Kati ya kifo cha Arun na kutokea kwa Suraj mkubwa, picha haina stelingi wa kiume. Kamera haina pa kwenda, inabaki na mwanamke. Tunamwona akifukuzwa, akijifungua, akimbembeleza mwanawe huku akiitwa yaya, akikamatwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi nzima. Stelingi wa Aradhana ni Vandana, naye kweli hafi. Lakini benchi letu halikumhesabu. Lilikuwa likisubiri uso urudi.

Ndoa isiyo na shahidi

Pale hekaluni mtafsiri alisema wameoana kwa siri mbele ya miungu yao. Watu wakacheka. "Mashahidi wako wapi? Mahari kapokea nani?" Kwa mila za Wanyiha na Wanyamwanga waliojaa pale, ndoa ni ya koo mbili, ya watu wawili na sanamu haikueleweka. Kwa hiyo hadhira yetu ilimchukua Vandana kama msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, basi.

Naona hadhira ile ilisoma sawasawa kuliko mwongozaji. Inajulikana kwamba Aradhana inatokana na picha ya Kimarekani ya mwaka 1946, To Each His Own, ambamo mama huyo hajaolewa kabisa. Ndoa ya hekaluni imeongezwa Bombay. Imeongezwa kwa nini? Ili mtazamaji ampende Vandana bila kujiona ameunga mkono uasherati. Yaani picha inataka tumwonee huruma mwanamke aliyekataliwa na jamii, lakini inaogopa kuiambia jamii hiyo kwamba imekosea. Inanong'ona pembeni: msiwe na wasiwasi, kumbe alikuwa ameolewa.

Huo ni woga wa kimaudhui, na fani inausaliti. Tazama wimbo wa usiku wa mvua, wenye muziki wa S. D. Burman na sauti ya Kishore Kumar. Umepigwa kwa mkupuo mmoja wa kamera, bila kukatwa, inawazunguka wawili wale na moto katikati. Mahali ambapo picha nyingine zingekata na kutuonyesha maua mawili yakigusana, Samanta hakukata. Kamera ile haina aibu. Hekalu ndilo lina aibu.

Uso mmoja, watu wawili

Sasa nafikia swali langu. Je, Vandana angezaa binti?

Mchezaji mmoja kuigiza watu wawili si jambo geni. Dilip Kumar alifanya hivyo mwaka 1967 katika Ram Aur Shyam, na hata katika ile picha ya 1946 baba na mwana waliigizwa na mtu mmoja, John Lund. Lakini mbinu inapotumiwa lazima tuulize inafanya kazi gani. Katika Aradhana inafanya kazi ya malipo. Vandana amepoteza mume, ukoo, mtoto, na miaka ya ujana wake gerezani. Picha inamlipa nini? Inamrudishia uso wa mumewe, umevaa sare ile ile, unamwita mama. Heshima aliyonyimwa na wanaume anapewa na mwanamume.

Mweke binti mahali pa Suraj uone. Uso haurudi. Sare hairudi, kwa kuwa mwaka 1969 jeshi la anga la India halikuwa na marubani wanawake. Nani atapanda jukwaani kumtangaza? Hakuna mwisho tena, jengo zima linaanguka. Kwa hiyo nadai kwamba Aradhana haikumkomboa mwanamke. Ilimpa subira kama kazi, na mshahara wa kazi hiyo ni mtoto wa kiume. Ambaye hakujaaliwa wa kiume asubiri nini?

Wenzetu hapa nyumbani walilishughulikia tatizo hilo kwa njia nyingine. Miaka miwili baadaye, 1971, Kezilahabi alitoa Rosa Mistika. Rosa hapati malipo yoyote, anafikishwa kwenye kifo. Nilipoisoma sekondari nilikasirika, nikadhani Samanta ana huruma kuliko Kezilahabi. Leo sina hakika hiyo. Kezilahabi hakumpa Rosa hekalu la kujifichia, wala hakumwacha msomaji aende nyumbani ameridhika. Lakini na yeye pia hakupata njia ya kumwacha mwanamke huyo aishi. Mmoja anamlipa kupitia mwana, mwingine anamzika. Kati ya hayo mawili wako wanawake wengi sana wa Tunduma, wako hai, na wana mabinti.

Mama anabisha

Likizo iliyopita niliitazama tena picha hii nyumbani, kwenye simu, safari hii bila mtafsiri. Nikamweleza Mama hoja zangu zote kama nilivyoziandika hapa. Alikuwa anachambua mchele. Akasikiliza, kisha akasema, "Mama, wewe umesoma, lakini huyo dada humjui. Nani kamlazimisha kukaa kimya? Kaamua. Angesema, mtoto angekosa nyumba. Mimi nilikuwa nalia pale si kwa sababu ya yule kijana. Nilikuwa nalia kwa sababu siri yake haikuvuja mpaka alipotaka mwanawe awe salama."

Nakiri nilikuwa sijaliona hilo. Mimi niliusoma ukimya wa Vandana kama unyonge. Mama aliusoma kama mkakati, namna mfanyabiashara wa mpakani anavyojua nini cha kusema na nini cha kunyamaza. Ni kweli kwamba kila hatua kubwa katika kisa hiki inatokana na uamuzi wake: kuzaa, kuingia ile nyumba kama yaya, kubeba kosa. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaonyesha kwamba watazamaji wa Tanzania walizitumia picha za Kihindi, kama Awaara ya 1951, kujadili mapenzi na ndoa zao wenyewe. Kumbe pale kibandani Mama alikuwa akifanya hivyo, nami nilidhani analia tu.

Nikamwuliza: na kama angezaa binti? Akacheka. "Basi ingekuwa picha nyingine. Watu wawili wamekaa jikoni wanachambua mchele. Nani atalipa kiingilio?"

Hitimisho

Msimamo wangu ni huu. Aradhana ni kazi ya kuheshimiwa kwa sababu ilithubutu kumwacha stelingi wa kiume afe na kumkabidhi mwanamke sehemu kubwa ya hadithi. Udhaifu wake ni kwamba haikuvumilia. Iliongeza ndoa ili kumtakasa na ikamrudisha marehemu kwa uso wa mwana ili kumlipa. Hoja ya Mama inanifanya niondoe neno "unyonge" nililokuwa nimeandika katika rasimu ya kwanza, lakini hainifanyi niliondoe swali. Anayeamua kunyamaza anastahili heshima hata kama hakuna kijana wa kupanda jukwaani.

Ama kuhusu kiingilio, mimi ningelipa. Na wanaosema picha la Kihindi halina cha kuhakikiwa, nawakaribisha wanijibu katika toleo lijalo.