Milimita Tatu za Shaba

Sikukuu ya uhuru wa Marekani, tarehe 4 Julai 1925. Elmer Keith, kijana wa mashambani aliyependa bastola kuliko usingizi, alitoka na Colt yake ya .45 kufyatua hewani kwa shangwe. Risasi alikuwa amezijaza kwa mkono wake: kichwa kizito cha bunduki ndefu, nyuma yake baruti nyeusi iliyoshindiliwa. Mara bastola ikapasuka. Sehemu ya juu ya silinda iliruka, na upau wa fremu uliopita juu yake ukaenda nayo. Keith alibaki na vidole vyake vyote, na swali ambalo lingemshughulisha kwa miaka 30: kosa lilikuwa la baruti, la bastola, au la ganda?

Jibu lake la kwanza halikugusa baruti hata kidogo. Aliiacha .45 na kuhamia .44 Special, risasi ndogo zaidi, ili apate nguvu kubwa zaidi. Ni ajabu mpaka mtu aitazame silinda kwa mbele. Unene wake wa nje haubadiliki. Matundu yakiwa membamba, kuta kati yao zinakuwa nene. Maganda nayo yalikuwa na udhaifu wao. Ya zamani yalikuwa na kitako chembamba kilichoacha uwazi kuzunguka tundu la fataki, na hapo ndipo shaba ilipokuwa tayari kuachia. Yalipokuja maganda ya kitako kizima, mjazaji alipata chombo cha kubeba alichokitaka.

Hapa Kiswahili kinaleta utani wake, maana risasi ni madini, ni kile kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima kinachowekwa kwenye silinda. Keith alianza na maana ya kwanza. Risasi tupu ni laini. Ikisukumwa kwa kasi inajipaka ndani ya mtutu na kuiziba michirizi yake. Alipenda kuichanganya na stani, sehemu 1 kwa 16. Kisha akachora umbo lake mwenyewe, lile ambalo kampuni ya Lyman ililiuza kama kalibu namba 429421: gramu 16 hivi, pua butu iliyokatwa bapa, mikanda mitatu mipana, mfereji wa mafuta, na mbele yake mfereji mwingine mwembamba.

Huo mwembamba ndio wa kutazamwa kwa karibu. Mdomo wa ganda unakunjwa na kubanwa ndani yake. Bastola nzito ikirudi nyuma kwa kishindo, risasi zilizobaki kwenye silinda nazo zinavutwa nyuma, lakini vichwa vyake vinataka kubaki palepale vilipo. Kama mdomo haukubanwa sawasawa, kichwa kinachomoka kidogokidogo kwa kila mlio, mpaka ncha yake inajitokeza mbele ya silinda na kugonga fremu. Silinda haizunguki tena. Mwindaji aliye mbele ya dubu anabaki ameshika nyundo ya chuma.

Baruti iliyomfaa ilifika katika miaka ya 1930: 2400 ya kampuni ya Hercules. Baruti ya haraka hulipuka yote wakati kichwa hakijaenda popote, na shinikizo linapanda kama mshale. Ile ya polepole huendelea kusukuma mtutuni. Ila upole una masharti yake. H110, ambayo wajazaji wa leo wanaipenda, inataka fataki kali na ganda lililojaa. Hodgdon inayoiuza inaonya kipimo chake kisipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3. Anayedhani kupunguza ni usalama anaweza kuishia na kichwa kilichokwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata inakikuta humo.

Kwa miaka mingi Keith aliwaomba watengenezaji waitoe risasi yake madukani. Hofu ilieleweka: mtu angeitia kwenye .44 Special ya babu yake na kurudia ile sikukuu ya 1925. Suluhisho lilikwishaonekana mwaka 1935, Smith & Wesson na Winchester walipotoa .357 Magnum. Ganda la .38 Special lilirefushwa kwa milimita 3 na ushei, likagoma kuingia kwenye bastola dhaifu. Remington na Smith & Wesson walifanya vivyo hivyo kwa .44 Magnum, iliyokamilika mwishoni mwa 1955. Shinikizo linaloruhusiwa Marekani kwa .44 Special ni psi 15,500. Kwa Magnum ni 36,000. Kati ya namba hizo mbili kimesimama kipande cha shaba kifupi kuliko ukucha, na ndicho, kwa maoni ya safu hii, uamuzi wa busara kuliko yote katika hadithi nzima.

Njia ya kinyume imeachwa wazi: .44 Special inaingia bila shida kwenye bastola ya Magnum, na wengi huifyatua humo kwa mazoezi. Kila mlio unaacha pete ya masizi na risasi pale ganda fupi linapoishia. Siku wakirudi kwenye ganda refu, linakwama kwenye pete hiyo, na kazi inaanza na brashi ya shaba, tundu moja baada ya jingine, yote sita.